Tupeane uzoefu: uliwahi kuacha dawa ukiwa na mimba kwa sababu ya habari uliyosikia?

Mama Kulwa, Igoma: Wapendwa, leo kwenye daladala redio imetaja tena panadol na usonji, nikakumbuka Septemba 2025. Trump alipotangaza kule Marekani kwamba panadol kwa mjamzito inahusiana na usonji wa mtoto, nilikuwa na mimba ya miezi sita na malaria imenipanda, joto nyuzi 39. Dawa mseto nilimeza. Panadol ilikaa mezani usiku kucha, kisa kichwa cha habari kimoja alichonitumia wifi. Nilitetemeka mpaka kitanda kinalia. Asubuhi nesi akanigombeza: homa yenyewe ndiyo ya kuogopa. Nani mwingine yalimkuta?

Dada wa Kirumba: Mimi hapa. SP za kliniki, zile za kukinga malaria, nilizitemea kwenye leso. Sirudii.

Mpenda Vitabu: Mama Kulwa, Sweden walifuatilia watoto karibu milioni 2.5, matokeo yakatoka 2024. Mwanzoni ilionekana tofauti ndogo sana ya usonji. Walipolinganisha ndugu wa tumbo moja, mmoja mama alitumia panadol na mwingine hakutumia, tofauti ikapotea.

Sitaji jina, Ukerewe: Nimesoma mpaka mikono inatetemeka. Nipo kwenye ARV, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, tangu 2015. Mwanzoni mwa 2019, mimba ina miezi mitatu, jirani akanisimulia alichosikia redioni: ARV mpya inazalisha watoto wa mgongo wazi. Jina la dawa hakulishika. Mimi wala sikuwa natumia hiyo, nilikuwa kwenye ile ya zamani, ila ningejuaje? Kwangu ARV ni ARV.

Siku narudi Nansio nikaenda nyuma ya meli, nikatoa kopo kwenye mkoba. Nilizoea kulijaza pamba ili vidonge visilie watu wakajua. Nikalitupa ziwani. Jamani, halikuzama! Likaelea, jeupe, linacheza kwenye povu la meli, na mimi nimeshika chuma namwomba Mungu lizame kabla mtu hajaliona.

Miezi miwili sikumeza kitu. Kupimwa, virusi vimepanda. Nesi wa CTC, kliniki ya dawa za kufubaza, hakunifokea. Alikaa kimya, kisha akaniuliza, "Mama, nani alikuambia ni hii?" Nikarudi kwenye dawa. Mtoto alipozaliwa akapewa dawa ya maji, vipimo vyote vikatoka salama, sasa yupo darasa la kwanza. Lakini zile wiki za kusubiri majibu yake, hata adui yangu simwombei.

Mabatini: Pole mayu. Nimelia.

Mpenda Vitabu: Ile ilikuwa dolutegravir. Mei 2018, Botswana, watoto 4 wenye kasoro za ubongo au mgongo kati ya akina mama 426 walioshika mimba wakiwa tayari wanaitumia. Ukipewa hiyo 4 bila 426 husikii tena kinachofuata. Akina mama wengi zaidi walipohesabiwa kiwango kikashuka, na Julai 2019 WHO wakaipendekeza hata kwa wajawazito.

Sauti ya Asubuhi: Msitubebeshe mzigo wote. Nasoma taarifa ya habari redioni hapa Mwanza. Tahadhari ilitoka WHO wenyewe, tungenyamaza? Thalidomide, dawa ya usingizi na kichefuchefu cha mimba, iliuzwa kama dawa salama mpaka 1961, watoto zaidi ya 10,000 wakaathirika.

Dada wa Kirumba: Kutangaza sawa kaka, ila rudia jina la dawa mpaka lishike. Na habari ya Julai mliisoma mara ngapi?

Sauti ya Asubuhi: Mara moja. Usiku.

Dada wa Kirumba: Na ile ya mgongo wazi?

Sauti ya Asubuhi: Siku tatu mfululizo. Dada wa Ukerewe, nisamehe.

Baba Mashaka: Mjamzito azime redio miezi tisa, basi.

Ng'wana Geita: Asiguse kidonge chochote. Bibi zetu walizaa bila hayo.

Mabatini: Na walizika pia. Bibi yangu alizaa tisa, akabaki na wanne. Usilete hayo hapa.

Mgeni 22: Samahanini, naingilia. Mimba ina miezi mitano, homa tangu jana usiku, nipo Buhongwa. Panadol ninayo mkononi, nimeze au niache?

Mama Kulwa, Igoma: Meza mwanangu, halafu nenda kapime malaria sasa hivi, usisubiri kesho. Uko na nani?

Mgeni 22: Mama mkwe. Ndiye aliyenikataza.

Sitaji jina, Ukerewe: Mpe simu asome niliyoandika hapo juu.

Mgeni 22: Amesoma. Ameenda kuita bodaboda.