Nimechukua somo la uchoraji chuoni bila msingi wowote: kazi "yangu mwenyewe" inapatikanaje?

Binti Korogwe (muulizaji)

Ndugu zangu, nawasalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Muhula huu nilikuwa na nafasi ya somo moja la hiari, nami nikachagua uchoraji na uchapaji wa picha, ingawa tangu darasa la kwanza hadi kidato cha sita sikuwahi kufundishwa kuchora, ukiacha michoro ya ua na moyo katika Biolojia. Nilikuwa na hamu hiyo tangu utotoni, nikaona kwamba nisipojaribu sasa sitajaribu tena.

Wiki za mwanzo zilikwenda vizuri. Tulichora chupa, viti na masanduku, tukajifunza kutia kivuli kwa penseli, na mkono wangu ukaanza kutulia. Tatizo limeanzia kwenye kazi ya mwisho, ambayo ina alama 40 kati ya 100. Tunatakiwa kuchonga picha kwenye kipande cha lino, yaani lile tandiko nene la sakafuni, kisha kuipaka wino na kuchapa nakala 5 zinazofanana. Na maelekezo yanasema kwamba picha iwe "ya mwanafunzi mwenyewe". Nilitafuta kwenye simu, nikapata picha nzuri ya twiga wawili wakati wa machweo, nikaichora kwa uangalifu mkubwa kwa muda wa siku mbili.

Siku ya kujadili michoro ya awali, kazi zote zilibandikwa ukutani na kila mtu akasimama mbele ya yake. Mkufunzi aliitazama yangu kwa muda, akaniuliza swali moja tu: hawa twiga uliwaona wapi? Nilipojibu kwamba niliwaona kwenye simu, alipita kwenda kwa mwenzangu bila kuongeza neno. Nilibaki nimesimama pale, na usiku ule nililia bwenini.

Zimebaki wiki 5. Naomba waliopitia masomo ya sanaa vyuoni waniambie: mtu asiye na kipaji cha kubuni anaipataje picha iliyo yake? Je, kunakili ni kosa kwa mtu anayejifunza?

Mchapaji wa Bukoba

Dada, pole sana, lakini usilipokee swali la mkufunzi kama tusi. Nilisomea sanaa Makerere, katika shule ile iliyoanza mwaka 1937 kama darasa dogo barazani kwa mwalimu wa sanaa Margaret Trowell, na ninakumbuka kuulizwa swali la namna hiyohiyo kuhusu mchoro wangu wa mtumbwi. Mimi niliyekulia kando ya Ziwa Victoria nilikuwa nimechora mtumbwi wa kwenye kalenda! Mwalimu aliyeniuliza alikuwa anataka kujua kama nilitazama au nilipokea kilichotazamwa na mtu mwingine. Mpiga picha wa twiga wako ndiye aliyechagua mahali pa kusimama, saa ya mwanga, kipi kiingie na kipi kibaki nje. Wewe ukamalizia kazi iliyokwisha kuamuliwa, na mchoro unaofanywa kwa namna hiyo humfundisha mtu usafi wa mkono bila kumfundisha jicho.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya kiufundi, ambayo ningependa mkufunzi wako angekueleza. Katika lino kuna mambo mawili tu: palipochongwa hubaki peupe, na palipoachwa hupokea wino. Machweo ni rangi zinazofifia moja ndani ya nyingine, na lino haijui kufifia. Hata ungeichonga picha ile kwa ustadi wote, ungepata mabaka meusi mawili yenye shingo ndefu. Kwa hiyo tafuta kitu ambacho chenyewe kina weusi na weupe unaoshindana: mkeka, ungo, mlango wenye nondo, mikunjo ya khanga iliyoanikwa, sufuria juu ya mafiga.

Kuhusu kipaji, naomba uliweke neno hilo kando kwa wiki hizi 5. Chagua kitu kimoja kilicho karibu nawe na ukichore mara 20. Michoro 5 ya kwanza iwe ya dakika moja moja, mingine 5 uichore bila kuangalia karatasi kabisa, macho yako yakitembea polepole ukingoni mwa kile kitu na penseli ikifuata. Itatoka imepinda, usiifute. Kisha chora 5 ambazo hazionyeshi kitu chenyewe bali nafasi tupu zinazokizunguka, kama vile uwazi ulio kati ya mkono wa mtu na kiuno chake. Ukifika 15 utakuwa umechoka na kitu hicho, na ndipo hasa kinapoanza kukuonyesha mambo ambayo hukuyaona siku ya kwanza. Zile 5 za mwisho zitakuwa zako bila wewe kujilazimisha kubuni chochote.

Mwanafunzi wa Ufinyanzi, Nairobi

Nakubaliana na aliyetangulia, nami ninaongeza jambo moja: tunza kila karatasi, hasa zilizoharibika, na uandike tarehe.

Mwaka jana, kwa mradi wa mwisho wa somo la ufinyanzi, niliamua kuunda chungu kikubwa kama kile ambacho nyanya yangu kule Machakos alikuwa akihifadhia maji. Nilikijenga kwa mikunjo ya udongo kwa siku 9, nikakiacha kikauke kwa siku 4, nikakiweka kwenye tanuri kwa sababu tarehe ya maonyesho ilikuwa imekaribia. Kwa nje kilikuwa kikavu kabisa, lakini kitako kilikuwa kinene, na maji yalikuwa yamejificha ndani yake. Maji yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, na mvuke huhitaji nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya maji. Tulisikia mlio mmoja. Tulipofungua tanuri siku iliyofuata, kitako kilikuwa kimepasuka vipande vidogo kama kokoto na kuvunja vikombe viwili vya mwenzangu, jambo lililoniuma kuliko chungu chenyewe.

Nilipeleka vipande hivyo kwenye maonyesho pamoja na daftari langu, ambamo nilikuwa nimeandika unene wa kila sehemu, siku za kukausha, na maelezo ya nyanya kwamba wao walichanganya udongo na chenga za vyungu vya zamani ili unyevu upate njia ya kutoka. Mhadhiri alisoma daftari lote akiwa amesimama. Nilifaulu, na alama nyingi zilitoka kwenye kurasa zile.

Mwalimu Mstaafu, Moshi

Mwanangu, waliotangulia wamesema vizuri, lakini naomba nitofautiane nao kidogo kuhusu kunakili, maana nimefundisha sanaa kwa miaka mingi na nisingependa uondoke hapa ukidhani kwamba kunakili ni dhambi.

Wewe ni mwanafunzi wa Historia, kwa hiyo mtazame Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932. Hakuingia darasa lolote la uchoraji. Alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi ya mafuta inayong'aa juu ya vipande vya mbao za ujenzi zilizoshindiliwa (hardboard), na vijana, wengi wao ndugu zake, wakaketi karibu naye wakajifunza kwa kunakili. Alipofariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyomlenga kimakosa, vijana hao waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Nenda kwenye vibanda vyao, wala si mbali na ulipo, utamwona mwanagenzi akijaza rangi ya usuli kwenye kazi ya mwalimu wake kabla ya kuruhusiwa kuchora ndege mzima. Wachongaji wa Kimakonde nao hufundishana hivyohivyo, mtoto akilainisha mpingo ambao baba ameshaupa umbo.

Tofauti ni kwamba mwanagenzi ananakili kwa mtu aliyeketi kando yake, anayemshika mkono na kumwambia kwamba brashi imebeba rangi nyingi mno. Picha ya simuni haikusahihishi. Kwa hiyo ukitaka kunakili ili ujifunze, nakili, lakini iwe kazi ya lino ya mchapaji mzuri, tena kwenye daftari, ukijiuliza kila mkato ulianzia wapi na patasi ilielekea wapi. Kazi ya kutahiniwa iwe nyingine.

Nikutajie pia mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, aliyesoma Makerere kisha akaenda shule ya sanaa ya Slade kule London. Angeweza kurudi na picha za mito na majumba ya Uingereza. Yeye aliendelea kuchora migomba, wavunaji na njia za vijijini kwao, na mchoro wake wa mwaka 1956 unaoonyesha wanaume wakipeleka pombe ya ndizi kwa bibi harusi usiku upo hadi leo katika hazina ya Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Mimi nimezaliwa huku, na kila ninapoitazama nakala ya mchoro ule ninaijua ile njia. Hakuibuni. Aliikumbuka kwa bidii, na sioni kwa nini tunawaambia wanafunzi "buni" wakati tunachokitaka ni hicho.

Binti Korogwe (muulizaji)

Mwalimu, shikamoo. Nawashukuru nyote, na mniwie radhi kwa kukaa kimya siku 8. Nilitaka nirudi nikiwa na kitu mkononi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mbagala kwa mama mdogo, ambaye hukaanga vitumbua kila alfajiri nje ya nyumba yake. Niliketi kwenye ndoo nikiwa na daftari kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili. Chuma chake kina matundu 7, sita yakilizunguka moja la katikati, na hili la katikati limeliwa na moto hadi likawa na kina kuliko mengine, ndiyo maana kitumbua chake hutoka kikubwa na kila mteja hukiomba hicho. Nimekula vitumbua hivyo tangu nikiwa na umri wa miaka 6 na sikuwahi kulijua jambo hili. Nilichora mara 14 siku ile na mara 9 Jumapili. Ile michoro ya bila kutazama karatasi ilinishangaza kuliko yote, kwa sababu mkono wake unaomimina uji wa mchele umetoka ukiwa na mwendo ambao siwezi kuuchora nikiwa natazama.

Nimebaki na maswali mawili. La kwanza, je, matundu niyaache meusi au niyachonge yawe meupe? La pili ni zito zaidi kwangu. Mama mdogo anatumia mkono wa kushoto. Alikaripiwa kwa sababu hiyo maisha yake yote, hata na wateja wanaosema kwamba chakula hakitolewi kwa kushoto, na bado hukaanga kwa mkono huo kwa sababu ndio unaojua kazi. Nikichapa, picha itageuka na mkono utakuwa wa kulia. Sitaki mkono huo ubadilishwe.

Mchapaji wa Bukoba

Basi usiubadilishe. Chora upya mchoro wako kwenye karatasi nyembamba inayopitisha mwanga, ukitumia penseli laini iliyokolea, kisha uilaze kifudifudi juu ya lino na usugue mgongo wake kwa kijiko. Mchoro utahamia kwenye lino ukiwa umegeuka, na ukichapa utarudi ulivyokuwa. Kabla ya kuchonga, simamisha kipande mbele ya kioo: utakachokiona kwenye kioo ndicho kitakachotoka kwenye karatasi. Hakikisha hapo kwamba mkono ni wa kushoto.

Kuhusu matundu, chapa majaribio mawili madogo kwenye mpira wa ndala iliyokwisha, nao huchongeka vizuri. Mimi ningeyaacha meusi, nikachonga duara jembamba la ukingo wake tu, ili uji unaomiminika ubaki kuwa kitu cheupe peke yake. Lakini wewe ndiye uliyeketi pale. Anika lino juani kidogo ili ilainike, na mkono unaoshika kipande uwe nyuma ya patasi daima, usiwe mbele yake.

Binti Korogwe (muulizaji)

Nimechapa jaribio la kwanza leo mchana. Mkono ni wa kushoto. Matundu nimeyaacha meusi, isipokuwa la katikati, ambalo nimelizungushia mikato miwili ili kina chake kionekane. Nilipaka wino mwingi mno, ukaziba mikato ya vidole, kwa hiyo kesho nitasafisha kipande, nichonge vidole upya na kupunguza wino kwenye rola.

Mkufunzi alipita tukiwa tunaanika karatasi, akauliza nilimwona wapi mama huyu. Nilimweleza kuhusu ndoo, alfajiri na tundu la katikati, na tulizungumza hadi kengele ya kipindi kilichofuata ikalia.