Tupeane uzoefu: "etaji" iliwahi kukupotezea mlango?

Wakuu, habari za mliko. Niliishi Lyon miaka kadhaa, na Kifaransa nikakijulia pale pale. Kule étage, yaani ghorofa, ni ya kupanda: chini ni rez-de-chaussée, ya juu yake ndiyo premier étage, ya kwanza. Nikahamia Oslo. Tukaalikwa chakula cha jioni, tukaambiwa "tredje etasje", etaji ya tatu. Neno nalijua, basi nikamshika mama mkono, magoti yake mabovu, tukapanda ghorofa tatu, akipumzika kila kona ya ngazi. Akafungua mzee tusiyemjua. Kumbe Wanorwe huanza kuhesabu usawa wa barabara, mwenyeji wetu alikuwa chini ya pale. Mama alikaa kwenye ngazi machozi yakimlenga. Halijanitoka hilo. Wenzangu yamewakuta?

Niliyesoma Moscow:
Pole kwa mama, mkuu. Warusi nao etaji ya kwanza ni ya chini. Nilipewa chumba etaji ya tano, kwenye yale majengo ya enzi za Khrushchev, kiongozi wa Kisovieti, wanayoyaita pyatietazhka, yaani ya etaji tano. Lifti hakuna. Nimebeba begi la kilo 30, nimejiandaa kupanda mara tano. Mara ya nne ngazi zikaisha. Nikadhani nimeingia jengo siyo. Nikashuka na begi langu hadi nje kwenye barafu kuangalia namba.

Dada wa Berlin:
Huku wanahesabu kama Wafaransa, ila neno wamelivuta mbali. Kitanda cha dabo deka ni Etagenbett. Barua ya kuninyima likizo ilisema uamuzi umetoka Chefetage. Nikaitafuta kwenye ubao wa lifti nikajieleze, kumbe ndio wakubwa wa kampuni wenyewe.

Wa Stockholm:
Hapa tangazo likisema etage, ni nyumba yenye ngazi humo humo ndani. Ghorofa ya jengo ni våning. Nina mtoto anayetambaa, sikuichukua.

Wa Bukavu:
Kwetu etaje ni nyumba yenyewe. "Kaka amejenga etaje" — mtaa mzima umeelewa.

Wa Nairobi:
Nimesoma isimu, na neno hili nalipenda sana. Zamani Wafaransa waliandika estage, mzizi wake Kilatini stare, kusimama. Lilikuwa mahali pa kukaa. Waingereza walilichukua mapema likawa stage, nasi tukalipokea kwao. Kwa hiyo steji ya matatu ninaposimama kila asubuhi ni ndugu wa etasje iliyomchosha mama yetu.

Mwanzisha mada:
Asanteni, hiyo ya steji nitamsimulia mama, anakuja tena Desemba. Siku hizi nikialikwa siulizi etaji ya ngapi, nauliza tunapanda ngazi mara ngapi. Aliyeko Bucharest, kwenu etaj ya kwanza iko wapi?

Wa Bucharest:
Juu ya parter, yaani ile ya chini, mkuu. Mama apande mara moja.