Msaada wadau: LVM yakataa kumira diski, na ya pili iko tupu

chumvi_ya_kilindini:
Salaam wadau. Kuna seva ya Linux hapa ofisi ya klaring, Moi Avenue, ina diski mbili za tera 2 kila moja. Ya kwanza (sda) iko na LVM, ule mfumo wa kugawa diski kuwa voliumu, grupu yaitwa vg0, ndani mna root (mfumo wenyewe), swap (ya kusaidia memori) na data yenye makaratasi yote ya wateja, ya pili (sdb) ipo tu haina kazi. Bosi ashaanza kuuliza hii moja ikifa makontena yatatokaje bandarini. Nataka kumira, yaani kila kitu kiandikwe kwa diski zote mbili. Nshaipigia ya pili pvcreate na vgextend kuiingiza kwenye grupu, lakini nikiandika lvconvert --type raid1 -m 1 vg0/data /dev/sdb1 inakataa, ati extent 1 (kipande kidogo cha diski) yahitajika na iliopo ni 0. Sasa mbona sdb iko tupu? Na hii kazi naweza kuifanya watu wakiwa ndani ama ningoje usiku?

fundi_wa_tudor:
Piga pvs uangalie PFree (nafasi iliobaki) ya sda, itakuwa sufuri. Shida haiko diski mpya, iko ile ya zamani. Raid1 ya LVM kila upande wahitaji kijisehemu chake cha kumbukumbu, utakiona kwa lvs -a kimeandikwa rmeta, nacho hula extent moja (kawaida mega 4) kwa kila voliumu. Aliyeinstall alitumia diski yote mpaka tone la mwisho, ndo hapo pakakwama. Data ikiwa kwenye mfumo wa faili wa xfs usijaribu kuipunguza, xfs haipunguki. Kata swap: swapoff, halafu lvreduce -L -1G vg0/swap, halafu mkswap na swapon, na uangalie fstab (orodha ya voliumu za kuwashwa) kama swap imeandikwa kwa UUID (namba yake ya utambulisho) maana mkswap inatoa mpya. Ukimaliza rudia lvconvert, itakubali. Watu wanaweza kuendelea na kazi zao ila diski zitakuwa nzito mpaka Cpy%Sync (asilimia iliokopiwa) ifike 100, mimi ningeianzisha jioni.

binti_nyali:
Na hio --type raid1 usiiache kaka. Mashine za zamani ukiandika -m 1 peke yake zinachukua mirror ya kizamani, ile inataka logi ikae diski ya tatu, ukiilazimisha na --mirrorlog core inakaa kwenye memori so kila ukirebuti inaanza kusync upya yote. Kwa stima zetu hizi utasync mwaka mzima 😂

mbishi_wa_likoni:
Mimi ningeweka mdadm (raid ya diski nzima) chini na LVM juu, basi. Raid ya LVM ni ya voliumu moja moja, kesho mtu akitengeneza voliumu mpya akasahau -m 1 iko uchi na hakuna atakayejua mpaka siku ya siku.

fundi_wa_tudor:
Kweli hilo, na seva ikiwa mpya ningekuunga mkono. Lakini huyu ashakuwa na data ndani, kuhamia mdadm sahii ni kubomoa nyumba watu wamelala.

mzee_wa_aix:
Wanangu mkienda kwa AIX (Unix ya IBM) kumbukeni mklvcopy, amri ya kumira huko, yataka jumla ya nakala, waandika 2, sio 1 kama hio -m ya Linux. Na grupu ya diski mbili moja yabeba VGDA (maelezo ya grupu) mbili na nyengine moja, ikifa ile yenye mbili kworamu (wingi wa VGDA) imepotea na grupu lote linazimika hata kama nakala nzima ipo. Izimeni hio kworamu kwa chvg -Qn.

chumvi_ya_kilindini:
Shukran sana, nimekata swap na data imekubali, iko 31 yapanda polepole. Root pia nifanye hivyo hivyo?

fundi_wa_tudor:
Root na swap pia. Lakini /boot (mafaili ya kuwashia) kama iko nje ya LVM haitamiriwa, ikopi mwenyewe kwenye sdb na upige grub-install huko ili iweze kuwaka, kama ni UEFI kopi na ile patisheni ya EFI. Halafu uizime seva uchomoe sda uone kama yawaka na sdb peke yake, usingoje ife ndo ujue. Bakapu unayo lakini? Mtu akifuta faili, mira inafuta pande zote mbili.

chumvi_ya_kilindini:
Iko, diski ya nje, bosi huenda nayo nyumbani Ijumaa.