Tupeane uzoefu: mliowahi kwenda mapumziko ya mlimani na watoto wadogo pamoja na ndugu wageni

Baba Wawili
Wakuu, habari za muda huu. Shemeji yangu na mumewe wanakuja kutusalimia na watoto wao, na hata tiketi hawajakata wameshaamua twende wote mlimani, nyumba moja. Mama mkwe kasikia, kajiunga. Nina mmoja wa miaka 5 na mwingine hajatimiza 2. Leo nimemwona jirani anashusha mizigo ya safari ya namna hiyo hiyo: haongei na mkewe, mkewe haongei na wifi yake, wanaocheka ni watoto tu. Mliopitia, ilikuwaje?

Mama Mapacha
Kona! Wangu walikuwa na miaka 4, na nyuma alikaa nao shangazi yao aliyetoka mbali kuja kuwaona, kwa hiyo kila walichoomba walipewa. Maziwa wakapewa. Simu ya katuni wakapewa. Barabara ilipoanza kupinda, yule msemaji akanyamaza. Mtoto msemaji akinyamaza ghafla garini, akaanza kupiga miayo na kumeza mate, tafuta pa kusimama hapo hapo. Aliyeshika usukani ni shemeji, anasema tumalize kwanza kona hii. Tukaimaliza, ikaja nyingine.

Shangazi alikinga kwa kofia ya koti lake, tena jipya, halafu akabaki ameishika hivyo mapajani kwa mikono miwili, hageuki, hasemi, mpaka tukapata pa kuegesha. Wa pili aliposikia harufu naye akafungulia.

Baba Wawili, wa kumwogopa ni huyo wa miaka 5. Walio chini ya 2 kichefuchefu cha gari huwapata kwa nadra, ila kuanzia hapo hadi kama 12 ndio umri wenyewe. Akae aone barabara mbele, simu ikae mbali naye, dirisha liwe wazi kidogo, na asijazwe tumbo kabla ya kupanda.

Nipo Nasoma
Kofia ya koti! Nimecheka mpaka nimeulizwa kazini nina nini.

Dereva Mstaafu
Mnaongelea kupanda tu. Watu huumia kwenye kushuka. Gari limejaa, watoto, bibi, masanduku ya wageni juu ya paa, halafu mtu anashuka mlima mzima amekanyaga breki. Breki zikichemka zinaanza kunuka, mwisho unakanyaga mguu unazama na gari haliitiki. Weka gia ndogo kabla mteremko haujaanza, uache injini ikushikilie. Sisi tulishuka na shemeji mmoja anaweka nyutro ili kuokoa mafuta. Nilimwambia asimamishe, nikashuka na wajukuu, tukatembea.

Kijana wa Hesabu
Mzee shikamoo. Sipingi habari ya breki, ila umwambie huyo shemeji kwamba hata mafuta haokoi. Injini nyingi za siku hizi, ukiwa kwenye gia na umeachia mafuta, zinakata kabisa mafuta kwenda kwenye silinda kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro inabidi inywe ili isizimike.

Dereva Mstaafu
Marahaba. Uje umwambie wewe, mimi ananiita mzee wa zamani.

Wifi Mkubwa
Kwetu vita ilikuwa ya nguo. Mama mkwe anamvalisha mtoto masweta juu ya masweta, mama mtoto anayavua, mama mkwe anayarudisha. Ninyi mnaobeba watoto mgongoni sikilizeni: mbebaji anapanda, jasho linamtoka, anadhani hata mtoto ana joto. Mtoto hatembei, kakaa tu anapigwa upepo. Tulimshusha wetu kwenye kibebeo tukakuta vidole vya miguu ni baridi tupu, na baba yake kafungua vifungo vyote vya shati. Joto hushuka kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 mnazopanda, kwa hiyo mliyoyavaa chini hayasemi lolote juu ya huko mwendako.

Mama Mkwe Mtarajiwa
Kwa hiyo mama mkwe alikuwa sahihi.

Wifi Mkubwa
Hakuwa sahihi. Mtoto alilowa jasho ndani ya hayo masweta, na jasho likishapoa ndiyo baridi yenyewe. Usinichokoze.

Mpwa wa Mjomba
Nimesoma mpaka hapa nikasema niandike, maana nyumba moja na ndugu wageni nimeijua.

Tulikuwa wengi, tumelala chumba kimoja kikubwa kwa sababu kina joto. Mjomba peke yake alipelekwa chumba cha uani kwa kukoroma, na alinuna haswa. Shangazi alikuwa amekuja na jiko la mkaa. Usiku baridi ilipozidi akaliwasha nje, mkaa ukashika ukawa mwekundu, moshi ukaisha, akaliingiza ndani. Chini ya mlango akasokomeza kanga ili upepo usipite. Wote tukamshukuru.

Usiku wa manane mtoto wa dada, miaka 3, akaamka analia kichwa, akatapika. Dada naye kichwa. Kaka mgeni anasema hii ni ile hali ya mlimani, ameisoma kwenye simu, tumpe maji, asubuhi tushuke. Tukaanza kubishana gizani kama tushuke wote au washuke wenye watoto. Sasa cha ajabu, mabishano yenyewe yalikuwa mazito, mtu anaanza sentensi haimalizi. Nilisimama nitafute taa, magoti yakakataa.

Mjomba alisikia mtoto analia, akaja kugomba. Akausukuma mlango, ukagoma kwa ile kanga. Akasukuma tena. Alipoona jiko hakuuliza kitu: alimnyakua mtoto, akapiga teke dirisha, akaanza kututoa mmoja mmoja kwa kutushika makwapani. Tumekaa kwenye nyasi zenye umande, miguu mitupu, mtoto kichwa kimelala begani kwa mjomba, mikono inaning'inia. Dada anamwita, haitiki. Anamwita, haitiki. Kisha yule mtoto akasema, kwa hasira kabisa, "Hiki si kiatu changu." Kuna mtu alikuwa amemvisha ndala ya binamu yake. Dada alilia pale kuliko alivyolia msibani.

Tulishushwa hospitali usiku ule, wakatuwekea oksijeni.

Mchunguzi Huru
Chai hii. Watu wote hao wasisikie moshi?

Mpwa wa Mjomba
Umesoma nilichoandika? Moshi ulishaisha.

Sista wa Zamu
Mchunguzi, si chai. Mkaa ulioshika vizuri hautoi moshi, lakini unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni inavyoishika, kwa hiyo mtu anapumua vizuri tu na mwili hauna hewa. Watoto inawawahi kwa sababu wanapumua haraka. Mpwa, mlikuwa mita ngapi?

Mpwa wa Mjomba
Hata 2,000 hazikufika.

Sista wa Zamu
Ndiyo maana nimeuliza. Maradhi ya kimo kwa kawaida huanza kuonekana kuanzia kama mita 2,500, saa kadhaa baada ya kufika. Kichwa, kichefuchefu, uchovu, dalili zinafanana mno na za hiyo gesi, na ndipo watu wanapopotea. Wakiumwa vichwa watu wa chumba kimoja kwa mpigo, mmejifungia na kuna kitu kinawaka, tokeni kwanza. Mtajadili kimo mkiwa nje.

Jirani Mwema
Sisi huwa tunaacha dirisha wazi kidogo, miaka yote hakuna lililotokea.

Sista wa Zamu
Dirisha kidogo si kinga. Jiko lisiingie chumba cha kulala.

Nipo Nasoma
Mimi nilichojifunza ni kwamba kila safari iende na mkoromaji, alazwe peke yake.

Mke wa Mkoromaji
Na mimi nilale naye kama nani? Mjomba wa watu alinuniwa kwanza ndipo akawa shujaa. Mlimwomba radhi?

Mpwa wa Mjomba
Tulimpa chumba kikubwa. Akakoroma nyumba nzima ikasikia, hakuna aliyethubutu kusema neno.

Baba Wawili
Jamani nimerudi. Mke amesoma yote. Nyumba waliyoichagua shemeji zangu nimeangalia, iko mita 2,700. Huyu mdogo hajui kusema kichwa kinauma. Nitajuaje?

Sista wa Zamu
Anakuwa msumbufu bila sababu, hataki kunyonya wala kula, hachezi, halali vizuri, anatapika. Ukiona hayo kule juu usiendelee kupanda, na yakizidi mshushe, hata kama ni usiku na hata kama wageni wameshalipia. Ikiwezekana laleni njiani kwenye kimo cha kati kabla ya kufika. Kofia na mafuta ya kukinga jua msisahau, hata kukiwa na mawingu, maana makali ya jua huongezeka kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000.

Mama Mapacha
Na mnaposhuka mnyonyeshe au mpe kitu anyonye, masikio yanazibuka akimeza.

Jirani Mwema
Mwacheni mtoto alie, kulia nako kunazibua.

Mama Mapacha
Ulie wewe.

Mpishi wa Familia
Hamjagusa chakula. Juu huko maji yanachemka mapema, kama nyuzi 91 tu kwenye mita 2,700, kwa hiyo maharage yatakaa jikoni mpaka wageni wadhani umewagomea. Bebeni sufuria la presha au pikeni vitu vinavyoiva upesi.

Kijana wa Hesabu
Kuhusu bibi, mshauri abaki nyumbani. Kimo hicho na umri.

Wifi Mkubwa
Umri peke yake si kizuizi, wazee wengi wanapanda wakiwa wazima. Kama ana moyo au mapafu amuone daktari kwanza. Na bibi akibaki, wewe kijana ndiye utakayekaa na watoto watu wakitembea?

Baba Wawili
Abaki wapi? Ameshapanga begi. Nimempelekea ile habari ya jiko, amesikiliza mpaka mwisho, amesema la kwake ni la kupikia nje na nisimhesabu na shangazi wa watu. Shemeji wamekubali tulale njiani. Mume wa shemeji ndiye anataka kuendesha, sijamuuliza bado habari ya nyutro.

Dereva Mstaafu
Muulize leo, akiwa bado yuko kwao.