Utumbo wa Pili wa Ouma
(Kikundi: Ukoo wa Ahero)

Mama Ouma: Nimeongea na Ouma asubuhi. Ule utumbo wa mtu mwingine aliopandikizwa wameutoa. Mwili umeukataa kabisa.

Baba Mkubwa: Uwi! Si wamwekee mwingine leo leo? Wachukue wangu.

Shangazi Rose: Na kitambi hicho? 😂

Anyango nesi: Shangazi, umesema kweli bila kujua. Tumbo likikaa bila utumbo linasinyaa, ndiyo wanatafuta mtoaji mwenye mwili mdogo kumshinda. Aliye hai anaweza kutoa kipande, lakini wengi hupata kwa aliyefariki.

Baba Mkubwa: Jirani yangu alipandikizwa figo Eldoret, saa hii analima mpunga. Huu utumbo una kisirani gani?

Anyango nesi: Umejaa chembe za kinga, kwa hivyo vita ni vikali kuliko vya figo. Tena figo ikikataliwa, kriatinini, ule uchafu ambao figo huchuja, inapanda kwenye damu, unajua mapema. Utumbo hauna kipimo cha damu cha kutegemewa hivyo. Lazima kamera ipitie kile kitundu walichomtoboa tumboni kufikia utumbo, wakate vinyama wapime.

Mama Ouma: Alikuwa akisema kukatwa hakuumi hata kidogo, kinachommaliza ni kungoja majibu.

Shangazi Rose: Sasa anakula nini mtoto wa watu?

Anyango nesi: Amerudi kwa dripu ya chakula, usiku kucha, kwa mshipa mkubwa wa kifuani. Dawa za kushusha kinga wamepunguza ili apone maambukizi. Baadaye watapima kingamwili alizotengeneza dhidi ya ule wa kwanza, wasimletee mwingine ambao mwili tayari umeuchukia.

Baba Mkubwa: Na akibaki na dripu tu? Wa pili ukikataliwa pia je?

Anyango nesi: Wapo wanaoishi na dripu miaka mingi. Na kwa kawaida wa pili haudumu vizuri kama wa kwanza, sitawadanganya. Shida ya Ouma ni mishipa: mrija wa dripu umemletea maambukizi ya damu tena na tena, na mishipa mingi imeziba. Ini nalo limeanza kuchoka. Likizidi, atawekewa ini na utumbo vya mtu mmoja. Ini hilo husaidia kuukinga utumbo usikataliwe.

Mama Ouma: Daktari amemwachia aamue. Ameomba asipigiwe simu za ushauri.

Baba Mkubwa: Hata mimi?

Mama Ouma: Wewe hasa.

Shangazi Rose: 😂😂 Haya, mchango ni wa tiketi ya Mama Ouma, akakae naye huko Marekani. Tumeni kwa M-Pesa yangu. Baba Mkubwa nimekuandika wa kwanza, jaza kiasi.