Naomba ushauri: natafuta habari za babu, mkulima wa kahawa wa mwanzo Kilimanjaro

Habarini ndugu zangu, shikamooni wakubwa. Naandika historia ya ukoo wetu, babu mzaa baba alipanda kahawa kwenye kihamba chake (shamba la nyumbani) Marangu miaka ya 1920, enzi hizo wakulima wetu ndo wanaanzisha chama chao cha KNPA (Kilimanjaro Native Planters Association) 1925 kabla ushirika wa KNCU haujaja 1933, na bibi alikua anasema mzee alikua mwanachama tangu mwanzo ila karatasi zote ziliungua na nyumba ya zamani.

Nishaenda chama cha msingi, madaftari waliyonayo ni ya juzijuzi tu. Shangazi nimemrekodi kwa simu, ana miaka 88, anakumbuka majina ya mababu wanne na mfereji uliokua unaleta maji shambani, kwa kweli nilitoa machozi, lakini miaka haikumbuki.

Sasa kwa aliyewahi kufuatilia, orodha za wanachama wa KNPA nizitafute Nyaraka za Taifa Dar au nianzie vitabu vya ubatizo kanisani? Na kule Nyaraka mtu binafsi anaombaje kibali? Afya ya shangazi sio nzuri, natamani sana nimsomee hii kazi akiwa hai.