Tupeane uzoefu: Droni nyepesi ya gramu 249, faida na hasara zake kwa aliyeirusha

Wanajamvi, habari za wakati huu. Naomba uzi huu tuutumie kupeana uzoefu wa droni nyepesi, hasa za familia ya Mini ya kampuni ya DJI zisizofika gramu 250, kwa kuwa wengi wetu huzinunua baada ya kutazama picha nzuri walizopiga wengine, bila kusikia habari za mtu aliyesimama ufukweni akisubiri kifaa chake kirudi. Kila mchangiaji aeleze lililompata yeye mwenyewe, na akiweza ataje mahali na hali ya hewa ya siku hiyo.

Nianze na langu. Ninatumia Mini 2, iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2020. Juni moja nilikuwa Pangani nikipiga picha za ngalawa zikirudi kutoka kuvua, na upepo wa kusi, uvumao kutoka kusini, ulikuwa umeshika. Niliirusha kutoka ufukwe wa upande wa mjini kuelekea kaskazini, nayo ikaenda kwa wepesi wa kufurahisha kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni mwake. Ilipofika mita 800 nilikuwa siioni tena kwa macho, jambo ambalo sikupaswa kuliruhusu, nikaigeuza. Hapo tarakimu za umbali kwenye skrini zikawa zinapungua kwa kusitasita: 796, 795, 795, 793. Betri ilikuwa asilimia 46.

Katika hali ya kawaida droni hii hukimbia takribani mita 10 kwa sekunde, na upepo wa huko juu ulikuwa umekaribia kasi hiyohiyo, kwa hiyo ilikuwa ikihangaika palepale huku ikila betri. Niliishusha kutoka mita 70 hadi mita 15 hivi juu ya maji, kwa kuwa upepo hupungua kadiri unavyoukaribia uso wa bahari, kisha nikasogeza swichi ya rimoti kwenye hali ya kasi, ambayo huiwezesha kufika mita 16 kwa sekunde. Ilitua mchangani ikiwa na asilimia 9, na betri ilikuwa ya moto mno. Tangu siku ile huanza kwa kuipeleka kinyume cha upepo, ili wakati wa kurudi, nguvu ikiwa imepungua, upepo uwe unaisukuma kuja kwangu.

Sijaiuza, wala sifikirii kuiuza. Ikikunjwa hutosha kwenye mfuko wa koti, na kamera yake hutulia hata mwili wa droni unapoyumba. Ila dakika 31 za kuruka kwa chaji moja zilizoandikwa kwenye boksi mimi sijawahi kuziona. Pwani hapa hupanga kazi yangu kwa dakika 20.

Mchangiaji wa kwanza, Mombasa

Ahsante kwa kutufungulia mlango. Mimi hupiga video za harusi, na hasara niliyokutana nayo ilihusu majirani. Nilikuwa Mji wa Kale, ambako nyumba zimebanana na wanawake hupanda darini kuanika nguo wakiwa hawajajitanda. Nilidhani udogo wa kifaa ungenisitiri, lakini mlio wake ni wa nyuki wengi, na hakuna asiyeinua kichwa akiusikia. Mzee mmoja alinijia kwa upole akasema, "Mwanangu, kifaa chako kimepita juu ya ua wangu. Nionyeshe ulichopiga." Nilimwamkia, nikamwonyesha kipande chote, nikakifuta mbele yake. Siku hizi hupita nyumba kwa nyumba siku moja kabla ya harusi kuomba radhi na kutaja saa nitakayorusha. Hilo hunichukua alasiri nzima, na naona ni haki yao.

Mchangiaji wa pili, Lushoto

Kwangu faida imezidi hasara kwa mbali. Ninafanya kazi na wakulima wa milimani, na shamba la kwanza lipo mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka pale bodaboda inapokomea. Droni kubwa ningeiacha ofisini. Hii naibeba pamoja na chakula changu cha mchana. Mkulima akiona matuta yake kutoka juu, na mahali maji ya mvua yalipoyakata, hahitaji maelezo marefu.

Hata hivyo nina onyo. Kimo kinachoonekana kwenye skrini hupimwa kutoka pale droni iliporukia, hakipimwi kutoka ardhi iliyo chini yake wakati huo. Nilirukia bondeni nikiwa nimeweka kimo cha kurudi nyumbani, yaani kile inachokishika ikijirudisha yenyewe, kuwa mita 30, nikaivusha upande wa pili wa kilima, mawasiliano yakakatika, nayo ikaanza kurudi kwa mita zake 30 ikielekea moja kwa moja kwenye mikaratusi ya kilimani. Mini 2 haina vihisi vya mbele vya kuona kizuizi. Mini 3 Pro ya mwaka 2022 ndiyo iliyoanza kuwa navyo katika familia hii. Tuliitoa mtini kwa upondo, propela mbili zikiwa zimevunjika.

Mchangiaji wa tatu, Leicester, Uingereza

Ningependa kuongeza juu ya hizo gramu 249, kwa sababu wauzaji huzitaja kana kwamba ni ruhusa. Marekani anayerusha kwa kujifurahisha tu hahitaji kusajili droni isiyofika gramu 250, lakini akilipwa, msamaha huo haupo. Huku Uingereza droni ya uzito huo yenye kamera humlazimu mwenyewe kujisajili. Nilipokuja Tanga likizo nilijifunza kwamba nyumbani Tanzania kibali huombwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Wizara ya Ulinzi nayo huhusika, hata kwa kifaa chepesi kama hiki. Nilikuwa sijaomba, hivyo droni ilikaa begini wiki tatu, na picha za shamba la marehemu babu nilizipiga kwa simu, nikiwa nimepanda mwembe.

Mwanzisha mada

Nawashukuru. Ndugu wa Lushoto, naomba utueleze jambo moja: baada ya kubadilisha propela, je, uliirekebisha dira upya kabla ya kuirusha, au iliruka sawasawa bila hilo?